Jinsi ya Kubadilisha Krosi za Propela kwenye Lori la Zamani Ili Zisigonge Tena Baada ya Mwezi

Msimu huu wa kubeba mahindi kutoka Kibaigwa nimeletewa Canter na Fuso kadhaa zenye kilio kimoja: krosi, kile kiungo cha mikono minne kwenye propela (mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma), imebadilishwa juzi tu, na tayari inagonga. Wapo waliobadilisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Lawama zote wanazipeleka kwa spea, kwamba za siku hizi ni feki.

Spea feki zipo, sikatai. Lakini krosi nyingi nilizozifungua hazikuuawa na ufeki. Zilikufa siku ileile zilipofungwa, kwa sababu sindano moja (kijichuma chembamba cha beringi) ilianguka ndani ya kikombe kinachovikwa kwenye mkono wa krosi, na aliyekuwa anafunga akaendelea kupiga nyundo. Ndiyo maana Hatua ya 6 hapa chini ni ndefu kuliko zote. Isome mara mbili kabla hujashika spana.

Mwongozo huu ni wa gari lenye propela iliyofungwa kwa flenji (sahani ya chuma yenye matundu) na bolti, yaani malori madogo na ya kati ya zamani tunayoyatumia huku Kanda ya Kati.

## Vitu vya kuwa navyo

- Krosi mpya pamoja na saklipi zake nne, yaani vibanio vinavyozuia vikombe visitoke. Kama propela ina vipande viwili, andaa krosi zote.
- Jiliwa imara iliyofungwa kwenye meza isiyotikisika.
- Soketi mbili: moja nyembamba kidogo kuliko kikombe cha krosi, nyingine pana kiasi cha kukimeza kikombe kizima.
- Nyundo ya shaba, au nyundo ya kawaida na kipande cha mti mgumu.
- Koleo ya saklipi, bisibisi bapa na plaizi ya mdomo mwembamba.
- Spana na soketi za nati za flenji. Nyingi ni 14 au 17, lakini jaribu kwanza kwenye gari lako.
- Vernia ya kupimia.
- Brashi ya waya, msasa laini, mafuta ya kulegeza kutu, dizeli kidogo na matambaa safi.
- Grisi ya lithiamu namba 2 na pampu yake.
- Nati mpya za kujiloki za flenji.
- Rangi nyeupe, au tindo kali ya kuwekea alama.
- Kabari nne za magurudumu, stendi za chuma na kamba.
- Turubai safi. Hapa kwetu upepo wa saa nane mchana unaweza kuujaza mchanga mkebe wa grisi ulio wazi, kwa hiyo tafuta sehemu iliyozibwa au fanya kazi asubuhi.

Kuhusu ununuzi, usiende dukani ukataja jina la gari peke yake. Canter mbili za miaka tofauti zinaweza kutumia krosi mbili tofauti. Nenda na krosi ya zamani mkononi, upime kipenyo cha kikombe na urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kile kinachotazamana nacho. Angalia pia saklipi zinakaa wapi, nje ya kikombe au ndani ya yoki (chuma chenye masikio mawili yanayoshika vikombe). Tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya krosi isiingie, au iingie na kulegea. Muuzaji akikwambia "italazimishika tu," irudishe kwenye boksi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni krosi

Dalili zinajulikana. Gari hugonga "tung!" ukitoka gia ya mbele kwenda rivasi au ukiachia klachi. Hulia kama ndege kwa mwendo mdogo, na mlio unafuata mzunguko. Au hutetemeka ukifika mwendo fulani.

Simamisha gari sehemu tambarare na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Weka gia huru, kisha achia handibreki ili propela isibanwe. Ingia chini, shika propela kwa mkono mmoja na flenji kwa mwingine. Isukume juu na chini, kisha izungushe kushoto na kulia huku macho yakiwa kwenye krosi yenyewe.

Ukiona mkono wa krosi unacheza ndani ya kikombe, hata kwa unene wa ukucha, krosi imekwisha. Lakini kama pande zote mbili za krosi zinazunguka pamoja kidogo kisha zinasimama, huo ni uwazi wa meno ya difu (gia za ekseli ya nyuma) au giaboksi. Hapo ukibadilisha krosi utakuwa umetupa hela.

Dalili nyingine ni unga mwekundu kwenye mdomo wa kikombe. Huku kwetu dalili hii inadanganya, maana kila kitu chini ya gari ni chekundu kwa vumbi. Futa kwanza kwa tambaa, endesha siku moja, kisha uangalie tena. Unga mkavu uliorudi kwenye mdomo wa kikombe kimoja tu, huku vingine vikiwa na vumbi la kawaida, ni kutu inayotoka ndani.

## Hatua ya 2: Zuia gari lisiondoke

Onyo: malori mengi madogo ya Kijapani yana handibreki ya ngoma iliyokaa nyuma ya giaboksi. Breki hiyo hushika propela, haishiki magurudumu. Ukishafungua propela, hata ukivuta handibreki hadi mwisho gari halina kizuizi chochote, na gia nayo haisaidii.

Kabari ni lazima, mbele na nyuma ya magurudumu ya pande zote mbili. Ukiinua gari, likae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki. Matofali ya kuchoma hupasuka bila kukuonya. Usiyatumie.

Uko tayari kuendelea pale unapolisukuma gari kwa bega na mwenzako, mbele na nyuma, na halitikisiki.

## Hatua ya 3: Weka alama, kisha shusha

Kabla ya kugusa nati, safisha flenji kwa brashi na uchore mstari wa rangi unaovuka kutoka flenji ya difu hadi flenji ya propela. Fanya hivyo kwenye giaboksi, na pia pale propela inapoteleza kwenye meno yake katikati. Rangi ikikataa kushika kwa sababu ya mafuta, gonga alama ndogo kwa tindo.

Alama hizi zina sababu. Krosi inapozunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa. Unakwenda mbio kidogo, unapungua kidogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 10 mwendo hupanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5. Krosi ya upande wa pili hufuta mtikisiko huo, kwa sharti kwamba yoki za miisho miwili zimelala kwenye mstari mmoja. Ukirudisha propela ikiwa imehama jino moja tu, krosi mbili haziwezi tena kufutiana mtikisiko wote. Lori la namna hii likienda kilomita 80 kwa saa, propela huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, kwa hiyo kosa dogo huwa tetemeko.

Funga propela kwa kamba kwenye chesisi, legeza nati za upande wa difu, kisha za mbele. Kama kuna senta beringi (beringi inayoishikilia propela katikati), kumbuka vipande vyembamba vya chuma vilivyo chini ya bolti zake na uvirudishe vilivyokuwa. Usiache propela ining'inie kwa krosi moja. Uzito wake huikunja krosi kupita kiasi na kuharibu ile ambayo pengine ilikuwa bado nzima.

Gari lako likiwa la aina ambayo propela inachomekwa moja kwa moja kwenye giaboksi, weka beseni, maana oili itamwagika.

## Hatua ya 4: Toa krosi ya zamani

Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye saklipi nne na uyaache yaingie kwa nusu saa. Saklipi ikigoma, gonga kikombe kwa panchi kiingie ndani kidogo ili kiache kuibana, kisha itoe kwa koleo. Vaa miwani, kwa kuwa saklipi ikifyatuka huenda mbali, na njia yake ya kwanza ni usoni.

Sasa weka yoki kati ya taya za jiliwa. Soketi nyembamba ikae juu ya kikombe cha upande mmoja. Soketi pana ikae upande wa pili, ikizunguka kikombe cha huko. Kaza jiliwa. Soketi nyembamba itasukuma krosi nzima, na kikombe cha pili kitaingia ndani ya soketi pana.

Kikitokeza kama sentimita moja, fungua jiliwa, kibane kwa plaizi na ukizungushe hadi kitoke. Geuza propela, sukuma upande mwingine.

Kama huna jiliwa kabisa, laza yoki juu ya kipande cha bomba nene na ugonge kwa nyundo kupitia soketi. Inawezekana, nimeifanya nikiwa njiani. Lakini usigonge sikio la yoki wala bomba la propela. Sikio likipinda kidogo tu, vikombe havitatazamana tena, na krosi mpya itabanwa kila inapozunguka.

## Hatua ya 5: Soma krosi ya zamani

Usiitupe bado. Ifute na uitazame mikono yake minne kwenye mwanga.

Mistari ya mabonde iliyolala sambamba kwenye chuma, unayoweza kuihesabu kwa ukucha, ni alama za sindano zilizokaa sehemu moja bila grisi huku zikipigwa na mzigo. Unga mkavu mwekundu maana yake maji yaliingia na grisi haikufika. Mkono mmoja ukiwa umeliwa na mingine mitatu ni mizuri, tafuta sindano iliyolala chini ya kikombe hicho. Huyo ndiye muuaji, na mara nyingi ni kazi ya mkono wa fundi.

Niliwahi kufungua krosi ya Canter iliyokuwa na wiki tatu tu. Vikombe vitatu vilikuwa vinang'aa kwa grisi. Cha nne, sindano moja ilikuwa imelala sakafuni mwa kikombe, imekatika vipande viwili, na mkono wa krosi umechimbwa tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Mwenye gari alikuwa ameshagombana na muuza spea hadi wakaacha kusalimiana.

Baada ya hapo safisha matundu ya yoki kwa brashi na msasa laini, na kwangua mifereji ya saklipi hadi uone chuma kitupu. Uchafu ukibaki kwenye mfereji, saklipi haitakaa hadi mwisho na siku moja itaruka.

Jaribu kikombe kipya, kikiwa kitupu, kwenye tundu. Kinatakiwa kigome kwa kidole na kihitaji kusukumwa. Kikiingia chenyewe, tundu limepanuka na yoki imekwisha. Wapo wanaolikwaruza tundu kwa senta panchi ili lishike, na wengine hukichomelea kikombe kwa weldingi. Moto wa weldingi huharibu ugumu wa kikombe na kuyeyusha sili, na siku nyingine hutaweza kuifungua krosi hiyo. Badilisha yoki au tafuta propela nyingine.

## Hatua ya 6: Funga krosi mpya, taratibu

Tandika tambaa safi. Vua vikombe vinne vya krosi mpya kimoja kimoja, kila kimoja kikitazama juu. Ndani utaona sindano zimesimama zikizunguka ukuta kama watu waliopanga mstari kuzunguka kisima. Zote ziwe zimesimama, na pasiwe na pengo la kuingiza sindano nyingine.

Paka grisi kwa kidole ukizikandamiza kwenye ukuta. Grisi hii kazi yake ya kwanza ni kuzishikilia zisianguke. Weka na tone dogo chini ya kikombe, lakini usikijaze, kwa sababu grisi ikizidi haina pa kwenda na kikombe kitagoma kushuka hadi mfereji wa saklipi uonekane. Watu wengi hufika hapo wakadhani kikombe kimekwama na kuchukua nyundo kubwa.

Angalia nipeli, yaani kichuchu cha kupigia grisi. Ielekee upande wa bomba la propela, na pampu iweze kuifikia gari likiwa limefungwa kila kitu. Nimeona krosi nzuri kabisa iliyokosa grisi tangu siku ya kwanza kwa sababu nipeli ilitazama flenji na hakuna pampu iliyoweza kuingia.

Ingiza krosi ndani ya yoki bila vikombe. Kisha weka kikombe cha kwanza kwenye tundu la chini, mdomo wake ukitazama juu, na uanze kukisukuma kwa jiliwa kidogo tu, hadi kishike. Sasa shusha mkono wa krosi uingie ndani ya kikombe hicho na uushikilie humo. Mkono ukiwa ndani, sindano haina nafasi ya kuanguka. Hii ndiyo siri nzima ya kazi hii.

Weka kikombe cha juu. Usikitupe tu juu ya tundu. Inua krosi hadi mkono wa juu uchungulie nje ya tundu kidogo, lakini ule wa chini usitoke kwenye kikombe chake. Vika kikombe cha juu kwenye mkono huo ukiwa unauona, kisha ukilete kwenye tundu.

Kaza jiliwa polepole. Kila robo mzunguko, simama na utikise krosi kwa vidole. Inatakiwa iendelee kucheza kwa ulaini. Ikianza kuwa nzito ghafla, au ukihisi kama kuna punje ya mchanga ndani, simama hapo hapo. Usijaribu "kuisaidia." Toa kikombe, utakuta sindano imelala. Kuirudisha kwa grisi ni kazi ya dakika mbili.

Mfereji ukionekana upande mmoja, weka saklipi na uizungushe kwa bisibisi kuhakikisha imelala yote. Tumia soketi nyembamba kusukuma kikombe cha upande wa pili hadi mfereji wake nao uonekane, weka saklipi. Saklipi za pande mbili ziwe na unene sawa, la sivyo krosi haitakaa katikati na propela itatikisika.

Hapo krosi inaweza kuwa nzito kuikunja. Gonga sikio la yoki pigo moja jepesi kwa nyundo ya shaba, upande huu na upande ule. Hii si ile nyundo ya kubomoa niliyokataza, ni ya kuachia tu vikombe virudi nyuma vikae kwenye saklipi. Rudia yote kwa upande wa flenji.

Kazi ni nzuri ikiwa krosi inakunjika pande zote kwa nguvu za mkono, kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila kukwama popote na bila kucheza. Yenye mahali inaposhika itakufa, hata kama imenunuliwa kwa bei gani. Ifungue sasa, ikiwa bado iko mezani.

## Hatua ya 7: Rudisha propela

Laza propela sakafuni na uhakikishe alama zako zinakutana na yoki zimelala kwenye mstari. Futa nyuso za flenji hadi ziwe kavu, maana chembe moja ya mchanga katikati yake inatosha kuipindisha propela. Panda nayo, funga kwa kamba, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza.

Tumia nati mpya za kujiloki na ukaze kwa kuvuka, kama unavyokaza nati za tairi, hadi kiwango cha kitabu cha gari lako. Senta beringi ikazwe mwisho, propela ikiwa imeshakaa.

## Hatua ya 8: Piga grisi

Futa nipeli kabla ya kuweka pampu, la sivyo unasukuma vumbi ndani. Pampu polepole hadi grisi mpya ichungulie kwenye sili za vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu na cha nne kikagoma, itikise propela juu na chini huku ukipampu. Usikubali kuondoka na vitatu. Usisahau na nipeli ya pale propela inapoteleza.

Mimi kwa lori la mzigo napiga kila kilomita 5,000. Kwa gari linaloshinda kwenye mbuga za Bahi kubeba mpunga, au lililovuka korongo lenye maji, napiga siku hiyohiyo linaporudi, bila kuangalia kilomita.

## Hatua ya 9: Jaribu barabarani

Anza bila mzigo. Nenda 20, kisha 40, kisha 60, ukiachia na kukanyaga mafuta. Hakuna kugonga, hakuna kulia. Ukirudi, gusa vikombe kwa mgongo wa kidole: vyote viwe na joto linalokaribiana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kina tatizo ndani na lazima kifunguliwe.

Kama mtetemo umebaki, usiilaumu krosi kwanza. Angalia alama za Hatua ya 3. Tafuta kwenye bomba doa jeupe la weldingi ambapo kibati cha balansi kimeanguka. Kagua raba ya senta beringi.

Kaza tena nati baada ya kilomita 100 hivi, kabla ya kubeba mzigo kamili. Kwa wanaokwenda Iringa kwa njia ya Mtera, fanyeni hivyo kabla ya kufika mlima Nyang'oro. Krosi ya mbele ikikatika kwenye mteremko, propela hudondoka, huchimba lami na inaweza kukata bomba za breki. Na kwa gari ambalo handibreki yake iko kwenye propela, bomba hizo zikikatika hutabaki na breki yoyote ya kulisimamisha.